Kidole Gumba cha Thor na Kijiwe cha Drafti

Hotuba kwa vijana, walimu na wazazi kwenye ufunguzi wa mashindano ya kupanga matofali, Nyamagana, Mwanza. Nimeiandika upya kutoka kwenye daftari langu, nikiacha utambulisho wa meza kuu na matangazo ya chakula.

Mwangaluka! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa, walimu wenzangu, wazazi na walezi, habari za asubuhi. Nanyi vijana mliojibana nyuma kana kwamba viti vya mbele vina moto, mambo vipi?

Najua mnasubiri nianze na mawe. Kila anayepewa kipaza sauti Mwanza huanza na mawe: Bismarck Rock, majabali yaliyopandana, jiji la miamba. Na leo, kwa kuwa mchezo wetu ni wa kupanga vitu juu ya vitu, kishawishi ni kikubwa maradufu. Nayaacha. Mawe yale hayana aliyeyapanga. Ni mwamba uliopasuka, ukaliwa na maji na hali ya hewa, vikabaki vipande vimekaa juu ya vingine. Wala hayashindani. Sisi tuna wapangaji, na kabla ya saa kumi jioni tutakuwa na mshindi.

Mchezo wenyewe unaitwa Tetris, na wengi wa rika langu tuliufahamu kupitia kile kigemu cha mkononi cha betri mbili kilichoandikwa Brick Game 9999 in 1. Hiyo elfu tisa na ushee ilikuwa chumvi ya wafanyabiashara. Ndani mlikuwa na gemu chache tu zilizobadilishwa mwendo na mpangilio. Tulikicheza kwenye meli ya Bukoba usiku kucha, kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, chini ya dawati kipindi cha Siasa. Ukimkuta mtu anacheza, kichwa kimeinama, humsemeshi. Akimaliza anakupa, nawe unainamisha chako.

Tulicheza mno, na hatukufika popote. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naona sababu ni kwamba tulicheza kila mtu peke yake. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake namna anavyoshika. Hakuna aliyeandika alifika wapi na alikwamia wapi. Aliyegundua ujanja, ujanja ule ulibaki mkononi mwake mpaka betri zikaisha. Na msidhani ni sisi wa kanda ya ziwa tu. Dunia nzima ilidumaa hivyohivyo kwa miaka kama 20, Marekani na Japani wakiwemo, na kilichouamsha mchezo huu ni watu kuanza kutazamana. Hilo ndilo nililolibeba leo. Mengine yote nitakayosema ni ya kulisindikiza.

Kwanza niwaeleze wazazi ambao hawajawahi kuugusa. Kuna uwanja wenye upana wa miraba 10 na urefu wa miraba 20. Kutoka juu vinashuka vipande, kimoja kimoja, kila kimoja kimeundwa kwa miraba minne iliyoshikana. Maumbo yako saba. Wachezaji huyaita kwa herufi zinazofanana nayo: I ni lile refu lililonyooka, O ni boksi, T mnaiona wenyewe, L na J ni kama magongo mawili yanayotazamana, S na Z ni vile vilivyopinda kiunoni. Unakizungusha kipande, unakisogeza, unakiacha kitue. Mstari ukijaa kutoka ukuta hadi ukuta, unafutika. Ukiacha matundu, mistari haijai, rundo linapanda, na likigusa dari umekwisha.

Sasa, mimi ni mwalimu wa hisabati, na mwalimu akisimama mbele ya watu bila kitu cha kuonyesha anahisi hayuko kazini. Nimekuja na ubao wa drafti na vipande saba nilivyokata kwenye boksi la sabuni, kimoja cha kila umbo. Vipande saba mara miraba minne ni 28. Hapa ubaoni nimezungushia chaki mstatili wa 4 kwa 7, ambao nao ni miraba 28. Naomba vijana wawili waje wanipangie vipande vyote saba ndani ya chaki, bila kubakiza nafasi na bila kupandanisha.

(Walikuja mvulana na msichana. Waliingiza sita, wakatoa, wakaingiza sita tena kwa mtindo mwingine. Ukumbi ukaanza kutoa maelekezo kwa kelele. La saba lilikataa kila mara.)

Asanteni, mkae. Hamkushindwa kwa uzembe. Mngekaa hapa mpaka Pasaka lisingeingia, na sihitaji kujaribu mipango yote ili kulijua hilo. Tazameni rangi za ubao: mraba mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Ndani ya chaki mna weusi 14 na weupe 14. Chukueni boksi, liwekeni popote: linafunika weusi wawili na weupe wawili. I nayo hivyohivyo, ilale au isimame. L, J, S, Z, zote wawili kwa wawili. Imebaki T. T ikikaa, kile cha katikati kina rangi yake, na vile vitatu vinavyokizunguka vina rangi nyingine. Daima ni watatu kwa mmoja. Kwa hiyo vipande sita vinakula weusi 12, halafu T inaongeza mmoja au watatu. Jumla ni 13 au 15. Ninyi mnahitaji 14. Kumi na nne haipatikani.

Nawaomba walimu wenzangu mlichukue hili mkalitumie darasani. Mtoto akiambiwa kwamba jambo fulani haliwezekani huwa anadhani mtu mzima amechoka kujaribu. Hapa anaona kwa macho kwamba kutowezekana kunaweza kuthibitishwa, kwa ubao ambao baba yake huchezea vizibo vya soda.

Mchezo huu ulizaliwa Moscow mwaka 1984. Alexey Pajitnov alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti. Alipenda mafumbo ya vipande vya mbao, hasa yale ya miraba mitano mitano ambayo Mmarekani Solomon Golomb alikuwa ameyachambua tangu mwaka 1953. Maumbo ya miraba mitano yako 12, na yalikuwa mengi mno kwa alichokitaka, akapunguza mraba mmoja akabaki na saba. Kompyuta yake, Electronika 60, haikuweza kuchora picha, hivyo matofali ya kwanza duniani yalikuwa ni alama za mabano zilizopangwa pamoja. Kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, alisaidia kuuhamishia mchezo kwenye kompyuta za IBM. Mwaka 1989 ukaingia kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo ya Japani, ukaenea kila kona ya dunia. Pajitnov mwenyewe hakuanza kula matunda ya haki zake mpaka mwaka 1996, kwa sababu haki zilikuwa mikononi mwa serikali. Historia ya mikataba hiyo ni ndefu na ina mawakili wengi, nawaachia mjisomee.

Nirudi kwenye kudumaa. Mwaka huohuo wa 1989 Nintendo ilitoa toleo lake la mashine ya nyumbani ya televisheni, na toleo hilo ndilo lililokuja kuwa uwanja wa mabingwa. Kipande kinashuka taratibu mwanzoni, halafu kadiri unavyofuta mistari leveli inapanda na mwendo unaongezeka. Wazoefu huanzia leveli ya 18. Ukifuta mistari 130 unaingia ya 19, kisha kila mistari 10 unapanda moja. Ukifika leveli ya 29 mwendo unakuwa mara mbili kwa mkupuo, na kipande kinatoka dari hadi sakafu katika theluthi moja ya sekunde.

Twende na hesabu kidogo, msiogope. Ukibonyeza kitufe cha kushoto ukakishikilia, mashine ikishashika kasi inasogeza kipande mara 10 kwa sekunde. Theluthi ya sekunde ni kama mara tatu. Kipande kinatokea katikati, na ukuta uko mbali kwa nafasi nne au tano. Hakifiki ukutani. Pembeni panabaki wazi, katikati panapanda, umekwisha. Kwa hiyo watu wote wenye akili timamu walikubaliana kwamba leveli ya 29 ndio mwisho wa mchezo. Hesabu inasema hivyo. Na hesabu ilikuwa sahihi, kwa mtu anayeshikilia kitufe.

Kulikuwa na kijana wa Texas, Thor Aackerlund, aliyeshinda kundi la vijana katika mashindano ya Nintendo ya mwaka 1990. Yeye hakushikilia kitufe. Alikitikisa kidole gumba chake, kikawa kinagonga kitufe upesi kuliko ambavyo mashine ingesogeza yenyewe. Akapita leveli ya 29 na kufika ya 30. Wengine waliposikia walisema ni uongo, na ungewalaumu vipi? Kila mtu alikuwa chumbani kwake na televisheni yake. Ufunguo wa mlango uliofungwa ulikuwepo tayari, ukakaa kwenye kidole gumba cha mtu mmoja takriban miaka 20.

Mwaka 2010 wachezaji hao walikusanywa Los Angeles kwa mashindano ya dunia ya Tetris ya zamani, Classic Tetris World Championship. Walikuwa wachache, watu wazima, wengi wao wakishangaa tu kwamba kuna mwingine duniani mwenye ugonjwa kama wao. Jonas Neubauer alishinda. Akashinda tena 2011, 2012, 2013, 2015, 2016 na 2017, jumla mara saba. Alicheza kwa kushikilia kitufe, kwa mtindo wa zamani, na ustadi wake ulikuwa katika kuupanga uwanja usichafuke. Lakini mechi zile zilirekodiwa. Kila fainali ikawekwa mtandaoni, ikatazamwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mchezo ulipotoka.

Mwaka 2018, huko Portland, Neubauer alikutana kwenye fainali na Joseph Saelee, miaka 16, wa kizazi kile kilichojifunza kwa kutazama. Saelee aligonga kitufe kama Thor. Akashinda michezo mitatu kwa bila. Neubauer alimpongeza kwa moyo mweupe, na wanaoujua mchezo wanasema ile ndiyo siku mji ulipobadilisha mwenyeji. Neubauer alifariki Januari 2021, akiwa bado kijana kwa hesabu zetu, na hakuna mcheza matofali makini asiyemtaja kwa heshima.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, mashindano yalifanyika kwa mtandao, na fainali ikawa ya ndugu wawili wa nyumba moja: Michael Artiaga, miaka 13, dhidi ya kaka yake Andrew. Mdogo akashinda. Nyumba moja imetoa wa kwanza na wa pili wa dunia! Mimi sioni muujiza hapo. Naona watu wawili waliokuwa wakitazamana mikono kila jioni.

Karibu na wakati huohuo Christopher Martinez, anayejulikana kwa jina la Cheez, alikuja na mshiko mwingine kabisa. Kidole gumba kinakaa juu ya kitufe bila kugonga. Vidole vya mkono wa pili vinapigapiga mgongo wa pedi, kile kifaa cha vitufe kinachoshikwa mkononi, kimoja baada ya kingine, na kila pigo linaisukuma pedi ikutane na kidole gumba. Vidole vinne kwa zamu vinatoa mapigo ambayo gumba moja haliwezi hata kuyaota, zaidi ya 20 kwa sekunde. Na Cheez hakuuficha mshiko huo. Baada ya muda mfupi watoto wa miaka 12 walikuwa wanautumia.

Desemba 21, 2023, Willis Gibson wa Oklahoma, miaka 13, akicheza kwa mshiko huo, alifika leveli ya 157. Hapo mashine ikaganda. Ilikuwa imebebeshwa hesabu za alama ambazo waliouandika mchezo hawakuwahi kufikiri kuna mtu angezifikia, ikashindwa kuzimaliza kwa wakati. Alikuwa amecheza kama dakika 38 hivi. Baada ya miaka 34, mchezo ndio uliokufa na mchezaji akabaki. Na hapa pia msimwone mtu mmoja. Wenzake walikuwa wameuchunguza mchezo kwa programu, wakaandika orodha ya mahali unapoweza kuganda, kuanzia leveli ya 155, kwa namna gani ya kufuta mstari. Gibson aliikosa nafasi ya kwanza, akaipata iliyofuata. Alikuwa na ramani iliyochorwa na watu wengine.

Sasa niwaulize wazee. Hivi haya ni mageni kwetu? Nendeni kwenye kijiwe chochote cha drafti jioni, Kirumba, Igoma, Mabatini. Wanacheza wawili, wanaongea kumi. "Hapo ungekula mbili!" "Mwache, ameshajifunga mwenyewe." Mgeni akikaa pale anatukanwa kwa upole mpaka anakuwa mchezaji, kwa sababu kila kosa lake linatangazwa kwa sauti na dawa yake inatolewa papo hapo, bure. Kijiwe kilijua siku zote kile ambacho wacheza matofali wa dunia walichelewa miaka 20 kukijua. Sisi walimu ndio tuliovuruga. Tumewazoesha watoto kuziba daftari kwa mkono ili jirani asione, halafu tunawashangaa wanapokua na kufanya hivyo hata kwenye mambo yasiyo mtihani.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandaaji, na nimeshaongea nao, wamekubali shingo upande. Kila mechi ya leo irekodiwe kwa simu mbili. Moja ielekezwe kwenye skrini. Nyingine ielekezwe kwenye mikono. Ya skrini tu haitoshi: inakuonyesha kipande kimefika ukutani, haikuonyeshi kimefikaje. Video zikatwe fupi, zishushwe ubora, maana bando si mchezo, zitumwe kwenye kundi la washiriki. Na kila mshindi, kabla hajanyanyuka kwenye kiti, amweleze aliyeshindwa jambo moja alilomzidi. Aliyeshindwa naye ana haki ya kuuliza. Asiyetaka kueleza asijiandikishe duru ijayo.

Niseme machache ya ufundi kwa wanaoanza, maana naona wengine mmeshika pedi kama kisu. Leo hatuchezi toleo la 1989, tunacheza la kisasa, wawili wawili, kila mmoja na uwanja wake, vipande vikija kwa mpangilio uleule kwa wote. Asije mtu kulalamika kwamba mwenzake alipewa vizuri. Ukifuta mistari miwili kwa pamoja, mwenzako anasukumiwa mstari mmoja wa takataka kutoka chini. Ukifuta mitatu, miwili. Ukifuta minne kwa mpigo, anasukumiwa minne. Mstari mmoja mmoja haumuumizi. Ndiyo maana wajuzi huacha safu moja ya pembeni wazi, wanajenga zilizobaki tisa, halafu wanaisubiri I iingie na kufuta minne. Hata kwenye toleo la zamani hesabu ni hiyohiyo: kwenye leveli ya 18 mstari mmoja ni alama 760, minne kwa pamoja ni 22,800.

Kuisubiri I ndiko kunakowamaliza watu. Toleo la zamani lilitoa vipande kwa bahati, na kungeweza kuja ukame wa I mpaka rundo likagusa dari huku ukiiangalia safu yako iliyo wazi. La kisasa lina mfuko: vipande saba vinachanganywa, vinatolewa vyote, ndipo mfuko unajazwa upya. Kwa hiyo kati ya I moja na inayofuata haviwezi kupita vipande zaidi ya 12. Mkariri namba hiyo. Anayeijua anajua kama uwanja wake una nafasi ya kusubiri au afute kidogo kwanza.

Juu ya rundo lako pawe na sehemu ya kukalia kila umbo. O inataka safu mbili zilizo sawa. S na Z zinataka ngazi, na ngazi ya S haiifai Z. Ukisawazisha kila kitu kama meza, S ikija inaacha tundu. Na hizo mbili mziheshimu. Heidi Burgiel, mwanahisabati, alithibitisha mwaka 1997 kwamba S na Z zikija kwa kupokezana bila kukoma, hakuna mchezaji atakayenusurika, hata acheze vizuri namna gani. Mfuko wa kisasa unawakinga na balaa hilo. Mwaka 2002 wataalamu watatu wa chuo cha MIT walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba hata ukiambiwa tangu mwanzo orodha yote ya vipande vitakavyokuja, kutafuta mpango bora kabisa ni miongoni mwa yale matatizo magumu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua, kompyuta zikiwemo. Kwa hiyo ukikosea leo, jipe pole na uendelee.

Wazazi. Gibson alipovunja rekodi yake, mtangazaji mmoja wa televisheni ya Uingereza alimshauri hewani atoke nje akapate hewa safi, kwamba kuushinda mchezo huo si lengo la maisha. Watu wengi walikasirika. Mimi nilimwelewa yule mama, maana ndivyo mama yeyote wa Pasiansi angesema. Sitawadanganya kwamba mtoto akipanga matofali atafaulu hisabati. Atafaulu kupanga matofali. Kuna utafiti wa Emily Holmes na wenzake wa Oxford wa mwaka 2009 ulioonyesha kuwa watu waliotazama filamu ya matukio ya kutisha, kisha wakacheza mchezo huu, walirudiwa na picha zile akilini mara chache zaidi kuliko wasioucheza. Ni jambo zuri, lakini si sababu ya kumwacha mtoto kwenye simu mpaka saa sita usiku. Ninachowaomba ni kimoja. Akicheza, acheze mnamwona. Mkalisheni sebuleni, muulizeni kwa nini ameliweka pale, hata kama jibu hamtalielewa. Na simu ya nyumbani, kama ni moja, isiwe ya kaka tu. Nimehesabu majina ya leo, wasichana hawafiki hata theluthi, na si kwa sababu hawajui kupanga. Nani hupanga vyombo, ndoo na magunia majumbani mwetu?

La mwisho ni la umeme. Tumeomba usikatike, lakini tunaishi hapa, tunajua. Ukikatika hatuahirishi. Kwenye kila meza mtakuta ubao wa drafti na bahasha yenye vipande 12 vya miraba mitano, vimekatwa na fundi seremala wetu wa Mabatini kwa mabaki ya mbao. Huu ni mchezo wa Golomb mwenyewe. Ubao una miraba 64, vipande vyote ni vya pamoja. Mmoja anachukua kipande chochote anakiweka, mwenzake anachukua kingine, kwa zamu, bila kupandanisha. Anayekosa pa kuweka ameshindwa. Kipande kimewekwa hakisogezwi. Mwaka 1996 Hilarie Orman alionyesha kwa kompyuta kwamba anayeanza anaweza kushinda daima kama hakosei, ila asikuogopesheni mtu na hilo, kwani njia ni nyingi kiasi kwamba hakuna kati yetu anayeikumbuka iliyo sahihi. Tutarusha shilingi kuamua nani aanze.

Vipande hivyo 12 mkivipata nyumbani, jaribuni pia kuvijaza kwenye mstatili wa 6 kwa 10. Jumla ni miraba 60, na njia ziko 2,339. Mkichoka mjaribu wa 3 kwa 20. Huo una njia mbili tu, na mwaka jana mwanafunzi mmoja alikaa nao likizo nzima.

Haya. Jozi ya kwanza, meza ya dirishani. Jozi ya pili, mje hapa mbele karibu na projekta. Wenye simu za kurekodi mikono, simameni upande wa kulia wa mchezaji, msimzibie mwanga. Mzee wangu mwenyekiti, wewe ndiye mwenye filimbi.